Mwiko wa Maziwa Karagwe

Mwishoni mwa 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, akakaribishwa kwa heshima. Maziwa ndiyo yaliyomtoa jasho. Wafugaji walimnyima kwa kuwa yeye na watu wake walikula kuku na maharagwe, na mwenye kula vitu hivyo hakuruhusiwa kugusa maziwa, asije akamdhuru ng'ombe.

Kata ya Kamuli imo katika nchi hiyo ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Ilikuwa chini ya Wilaya ya Karagwe mpaka Wilaya ya Kyerwa, ambayo Kamuli imo ndani yake, ilipojitenga mwaka 2012. Wazee wa huko hawakuwa wajinga: walijua kwamba maziwa hupitisha madhara kati ya mtu na mnyama. Ila wao walimlinda ng'ombe dhidi ya mnywaji.

Miaka ya 1890 ilipoanza, ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka ukaingia. Mwiko haukufua dafu. Mifugo ya Karagwe ikafyekwa.

Ugonjwa wa kutupa mimba una hila kuliko sotoka. Ng'ombe hutupa mimba mara moja, kisha huonekana mzima, hukamwa, na vijidudu hutoka pamoja na maziwa. Nchini Tanganyika ugonjwa huo uliripotiwa Arusha mwaka 1927. Binadamu akiupata hushikwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho na maumivu ya viungo, akadhani ni malaria. Kisa cha Malta kilikwisha kuonyesha njia: mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit aligundua kuwa mbuzi wenye afya nzuri machoni ndio waliobeba vijidudu hivyo. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa kisiwani walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, homa ikapungua mno.

Mwaka 1937 Ujerumani ikatoa kipimo rahisi cha ugonjwa huo. Vijidudu vilivyouawa na kutiwa rangi hudondoshwa katika maziwa mabichi. Kama kundi la ng'ombe lina maambukizi, vijidudu hivyo hushikamana na kupanda na malai, pete ya buluu ikajichora juu. Pete hiyo huashiria kundi. Kumpata ng'ombe mwenyewe kunahitaji damu.

Tanzania ina Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 na Sheria ya Tasnia ya Maziwa ya 2004. Sheria bila kipimo kufika zizini haimsaidii mfugaji wa Kamuli. Mpaka kifike, ng'ombe akitupa mimba mwite daktari wa mifugo, usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na maziwa ya watoto yachemshe.