Mtambo wa Ubavuni, Si Kufuli

Waingereza wana neno moja kwa kufuli la mlango na kwa kile kinachofyatua bunduki. Mfasiri mwenye haraka huandika "kufuli la ubavuni", na msomaji haoni kinachozungumzwa. Hapa hapana haja ya kubuni, maana Kiswahili kina neno lake la tangu zamani: mtambo wa bunduki. Kabla hatujazoea mitambo ya umeme na ya uchapaji, watu wa pwani waliliita hivyo fyatuo la gumegume.

Basi natetea "mtambo wa ubavuni", na maana yake huonekana vizuri kwenye bunduki za kale za marisau za Uingereza, zenye mitutu miwili iliyolala sambamba. Ukilegeza skrubu, bamba la chuma hutoka ubavuni na viungo vyake vyote vikiwa vimeshikamana nalo kwa ndani: kamani iliyokunjwa kama herufi V, nyundo, na kijino kinachoikwamisha nyundo hadi kidole kivute. Kila mtutu una mtambo wake. Kwa nje bamba limechorwa maua na mizabibu kwa patasi ya mkono, na wakusanyaji huweza kulitazama kwa lenzi saa nzima.

Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, wa kampuni ya bunduki ya Westley Richards ya Birmingham, walipata hataza ya mtambo wenye viungo vichache, uliofichwa ndani ya chuma cha katikati. Mitutu inapoinamishwa ndiyo inayorudisha nyundo. Waingereza huuita kwa jina la sanduku. Sanduku halionekani popote; "mtambo wa ndani" unatosha. Watengenezaji bunduki Purdey wa London waliendelea na mtambo wa ubavuni, wakiutumia ule wa Frederick Beesley wa 1880, ambao kamani zake husaidia pia kuifungua bunduki.

Majina haya yanataja mahali, na mahali ndipo penye ushahidi. Zipo bunduki za mtambo wa ndani zilizovishwa mabamba ubavuni kwa urembo tu. Mnunuzi makini hutafuta ncha za pini kwenye bamba. Mara nyingi bamba la urembo halina. Kisha hukagua mti wa kitako nyuma yake, mjozi uliochimbwa ili mtambo ukae. Bunduki iliyosimamishwa kabatini miaka mingi huchuruzisha mafuta hapo, mti ukawa mweusi na laini, na ufa huanzia papo hapo.