Marion Johnson, mwanahistoria wa fedha za kauri

Marion Johnson alikuwa mtafiti wa historia ya biashara ya Afrika Magharibi, kwanza katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, kisha Birmingham, Uingereza. Wafalme na magavana hakuwashughulikia sana. Alichotaka kujua ni mtu aliyekwenda sokoni alilipa nini, na kwa hesabu ipi. Akiwa Legon alihariri nyaraka zihusuzo Salaga, soko mashuhuri la kola na watumwa kaskazini mwa Ghana.

Makala yake ya mwaka 1970 kuhusu fedha za kauri, iliyotoka kwa sehemu mbili katika Journal of African History, ndiyo iliyomjengea jina. Kauri, kombe ndogo za baharini kutoka Maldivi, zilipakiwa kama farumi katika merikebu za Wadachi na Waingereza, zikauzwa Amsterdam na London, halafu zikapelekwa pwani ya Guinea kununulia watumwa. Huko kauri 40 zilitungwa uzi mmoja, na nyuzi 50 zikafanya “kichwa” cha kauri 2,000. Bara, ukingoni mwa mto Niger, hazikutungwa, zilihesabiwa tanotano. Tena “mia” ya Wabambara ilikuwa kauri 80 tu, na asiyelijua hilo atazisoma vibaya bei zote za Segu, mji wao.

Mwaka 1986 yeye na Jan Hogendorn walitoa kitabu The Shell Money of the Slave Trade. Hapa Zanzibar inaingia. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kununua kauri za pwani yetu, zile zenye pete ya manjano mgongoni, na kuzipeleka Afrika Magharibi kununulia mawese. Zilikuwa rahisi kupatikana, lakini kubwa na nzito kuliko za Maldivi. Zikamiminika bila kipimo, thamani ikaporomoka, na mzigo wa hamali mmoja ukawa haununui kitu cha maana. Faida ilikwenda Hamburg. Hasara ikawakalia waliokuwa wamejiwekea akiba ya kauri.

Pamba nayo aliichambua, katika makala ya mwaka 1974. Tangu mwaka 1902 chama cha wenye viwanda vya Uingereza kilihimiza pamba ya kusafirishwa nje, ikiwemo ya Kaskazini mwa Nigeria. Wafumaji wenyeji waliinunua kwa bei nzuri zaidi, na reli ilipofika Kano wakulima waliijaza karanga. Ni hoja inayopingana na imani kuwa kitambaa cha Manchester kilikwisha kumuua mfumaji wa Kiafrika.

Kazi yake ndefu kuliko zote ilikuwa kunakili takwimu za forodha ya Uingereza, bidhaa kwa bidhaa, kuanzia mwaka 1699 hadi 1808. Ilichapishwa Leiden mwaka 1990, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, chini ya uhariri wa J. Thomas Lindblad na Robert Ross.