Ng'ombe, Keya na Gavana: Ukambani Mwaka 1938

Katika mwaka 1957 ilitoka sinema ya Kimarekani iitwayo Something of Value, ambayo habari zake ni za Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Inasimulia vijana wawili waliokua pamoja katika shamba moja, Peter Mzungu na Kimani Mkikuyu. Siku moja Kimani anapigwa kofi na shemeji yake Peter, na kofi hilo linamtoa shambani na kumpeleka msituni kwa waasi. Sidney Poitier, aliyemwigiza Kimani, anastahili kutazamwa na kila mtu apendaye sanaa. Lakini wewe, mwanafunzi wa historia, jihadhari na kofi lile. Mtu mmoja aweza kuasi kwa sababu ya kofi. Nchi nzima huasi kwa sababu ya mambo yaliyo baridi zaidi, kama vile ramani, karatasi za sheria na hesabu ya mifugo.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, huna haja ya kwenda mbali. Tazama Ukambani katika mwaka 1938.

Wakati huo Makueni haikuwa wilaya; ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos mpaka mwaka 1992. Kwa hiyo watu wa Mbooni na Kilungu walihesabiwa pamoja na watu wa Machakos, na Kitui ilikuwa wilaya nyingine, ng'ambo ya Mto Athi. Nchi hizi zote zilikuwa na shida moja. Mvua ilikuwa haba, majani yalikuwa yameliwa mpaka mizizini, na kila mvua iliponyesha udongo ulichukuliwa na maji mpaka mtoni. Maofisa wa serikali waliandika kwamba udongo unaangamia, nao waliandika kweli. Yeyote aliyepata kuuona mto wa Ukambani ukiwa mwekundu baada ya mvua hatabisha.

Kosa lilikuwa katika kutaja sababu. Maofisa walisema ng'ombe wamezidi. Hawakupenda kuuliza ni kwa nini malisho yamepungua. Vilima vya Mua, vilivyo karibu na mji wa Machakos, vilikuwa vimetwaliwa na kugawiwa walowezi. Uwanda wa Yatta, ambako wafugaji walikuwa wamezoea kukimbilia wakati wa kiangazi, uliitwa mali ya serikali, na Mkamba hakuweza kulisha huko kama apendavyo. Tena zilikuwako amri za karantini zilizozuia ng'ombe wa Waafrika wasipite kwenda kuuzwa, ili mifugo ya walowezi isije ikaambukizwa maradhi. Mtu aliyefungiwa malisho upande mmoja na soko upande wa pili, ng'ombe wake watakosaje kuzidi? Na mlowezi, ambaye shamba lake lilikuwa pana, hakulazimishwa kupunguza hata ndama mmoja. Hapo ndipo ubaguzi wa rangi ulipokaa, msomaji: katika kuamua ni ng'ombe wa nani walio wengi mno.

Basi serikali ikaweka kiasi cha mifugo kwa kila mahali. Ng'ombe walioruhusiwa kubaki walitiwa chapa ya moto, na wengine walipaswa kuuzwa mnadani kwa nguvu. Bei ilikuwa ya chini sana. Mwaka huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imefungua kiwanda cha nyama huko Athi River, na kiwanda kama hicho hakiwezi kuendeshwa bila ng'ombe wengi wa bei rahisi. Watu waliona kiwanda, wakaona na mnada, wakaviunganisha wenyewe bila kufundishwa na mtu.

Kwa Mkamba wa siku zile ng'ombe alikuwa mahari ya mwanawe, akiba ya mwaka wa njaa, na heshima ya nyumba yake. Kumchukua kwa thamani ya shilingi chache kulikuwa kama kuibomoa nyumba na kumlipa mwenyewe bei ya kuni.

Watu wa Ngelani walikuwa mstari wa mbele. Walikula kiapo cha kutouza mifugo, wakaunda chama kilichoitwa Ukamba Members Association, na kiongozi wao mashuhuri akawa Muindi Mbingu. Mwishoni mwa mwezi wa Julai 1938, watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka Machakos kwenda Nairobi kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor, mahali ambapo jina lake limetokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Gavana hakutaka kuwapokea pale. Aliwaamuru warudi makwao. Nao wakakaa. Walikaa majuma kadhaa.

Usidhani lilikuwa jambo dogo kukaa hivyo. Katika mji ule ule, tarehe 16 Machi 1922, watu walikusanyika kudai Harry Thuku afunguliwe, nao wakapigwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21. Wazee waliokuwa Kariokor walilijua hilo walipowaleta watoto wao.

Kwa nini basi safari hii bunduki hazikulia? Utulivu wa watu wenyewe ulisaidia. Rafiki zao walisaidia pia: Isher Dass, mjumbe wa Kihindi katika Baraza la Kutunga Sheria, aliwatetea, na viongozi wa Kikuyu Central Association waliwaunga mkono. Lakini mimi naona sababu kubwa ilikuwa nyingine, nayo ilivaa sare. Waingereza walikuwa wamejenga fikira kwamba Mkamba ni askari wa kuzaliwa, wakawaandika Wakamba kwa wingi katika Keya na katika polisi. Fikira hiyo ilikuwa ubaguzi vilevile, ijapokuwa ilisemwa kama sifa, maana Mkamba yule yule aliyesifiwa kwa ushujaa hakuruhusiwa kuwa ofisa. Hata hivyo, mwaka 1938 ilimgeukia aliyeibuni. Askari wa Keya alikuwa na baba Ukambani, na baba alikuwa na ng'ombe. Mshahara wenyewe mara nyingi ndio ulionunua ng'ombe hao. Serikali ilipotazama kambi ya Kariokor, ilibidi ifikirie pia kambi zake yenyewe. Vita vya Ulaya vilikuwa vinanukia.

Mwezi wa Agosti Gavana alikwenda Machakos akazungumza na watu barazani. Muda mfupi baadaye Muindi Mbingu alikamatwa, akapelekwa Lamu, mbali na watu wa lugha yake. Kabla ya mwaka kwisha, uuzaji wa mifugo kwa nguvu uliachwa. Serikali ilimwondoa kiongozi, kisha ikayakubali aliyoyadai.

Vita vilipoanza mwaka 1939, Wakamba waliandikwa jeshini kwa maelfu. Mwaka 1940 chama chao kilipigwa marufuku, pamoja na Kikuyu Central Association na chama cha Wataita. Askari kutoka Kitui na Machakos walisafirishwa hadi Burma, wakapigana katika matope ya Bonde la Kabaw mwaka 1944 kwa ajili ya Mfalme. Na nyumbani, ng'ombe ambao serikali ile ilitaka kuwauza walikuwa bado wanachungwa na wadogo zao.