Nyumba za zamani za Likasi: nani anajibu kwa kilicho juu ya dari?

Anayenunua nyumba ya zamani Likasi, iwe Panda, Kikula au Shituru, anauliza kwanza sertifika ya kuandikishwa. Ana haki. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na karatasi hiyo ndiyo inayothibitisha haki ya mtu juu ya parseli. Lakini nyumba yenyewe mara nyingi inapewa mistari miwili tu kwenye mkataba: vyumba vingapi, ukuta wa matofali, paa la aina gani. Kilicho kati ya paa na dari hakitajwi.

Na nyumba nyingi si za jana. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière iliacha desturi ya kuajiri watu kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini. Ikataka wakae na familia zao. Hapo zikajengwa nyumba za kudumu karibu na viwanda, mji ukiitwa bado Jadotville. Bati lilileta joto la Oktoba ndani ya chumba. Katika miji ya koloni yakatumika pia mabamba ya simenti iliyochanganywa na amianti, yale yanayoitwa eterniti. Yalisifiwa sana: hayashiki kutu, hayawaki moto, hayapitishi joto kama bati. Bamba zima linaweza kukaa miaka bila kudhuru. Likikatwa kwa msumeno au likivunjwa, vumbi lake linaingia mapafuni, na kansa inaweza kutokea miaka 20, 30 au zaidi baadaye. Mwenye nyumba mpya huanza na kazi gani? Kubomoa paa la zamani.

Sheria ipo, tena ya siku nyingi. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi ya Léopold II, inasema muuzaji anajibu kwa kasoro iliyofichika, ile ambayo mnunuzi angeijua asingenunua, au angetoa bei ndogo. Kasoro inayoonekana si juu yake. Aliyejua akanyamaza anarudisha pesa na kulipa fidia. Asiyejua anaweza kuandika kwamba hatoi dhamana, na mnunuzi anatakiwa kushtaki bila kukawia.

Hapo ndipo penye shida. Eterniti inaonekana toka barabarani. Amianti iliyomo haionekani. Wakili wa muuzaji atasema mnunuzi aliliona paa. Na ugonjwa wa miaka 30 utashtakiwaje upesi?

Kwingine waliona dhamana ya jumla haitoshi. Mwaka 1979 Marekani iliamua kwamba muuzaji wa nyumba mpya aandike kwenye mkataba aina na unene wa kizuizi cha joto. Kanada ilipiga marufuku povu moja la kujaza kuta mwaka 1980, na mikataba ya Ontario ikaingiza kifungu cha muuzaji kutamka kama analo. Ubelgiji, nchi ya Léopold mwenyewe, upande wa Flandria, tangu tarehe 23 Novemba 2022 nyumba iliyojengwa kabla ya 2001 haiuzwi bila cheti cha amianti.

Dekreti ya 1888 haimkatazi mnunuzi wa Likasi kudai hivyo hivyo kabla ya kutia sahihi: muuzaji aandike paa na dari ni za nini, zilibadilishwa lini, na kama anajua kuna amianti. Baada ya hapo hawezi kusema mbele ya hakimu kwamba hakuulizwa.