Raga ya Wachezaji 13 na Kombe Lake la Dunia

Mchezo ambao Waingereza huuita Rugby League una Kombe la Dunia lenye umri wa miaka zaidi ya sabini, lakini katika Kiswahili bado haujapata jina lililotulia. Jina linalokuja haraka ni "ligi ya raga", na ndilo linalopotosha. Kwa msomaji wa Nakuru au Morogoro, ligi ni mashindano ya msimu mzima: kila timu hukutana na kila timu, nyumbani na ugenini, pointi zikahesabiwa, bingwa akapatikana. Mwambie kuna Kombe la Dunia la Ligi ya Raga, naye atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni kombe au ni ligi?

Ukifuata historia utaona neno hilo liliingiaje. Tarehe 29 Agosti 1895 wajumbe wa klabu za kaskazini mwa Uingereza walikutana katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga na chama cha raga cha nchi yao. Ugomvi ulikuwa wa ujira. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwanda vya nguo wa Yorkshire na Lancashire, watu waliofanya kazi hata Jumamosi. Aliyekwenda uwanjani alikosa malipo ya siku hiyo. Klabu zilitaka zimfidie, shilingi 6 kwa siku. Wakubwa wa chama, wengi wao watu wa shule za kulipia na wenye nafasi, walishikilia kwamba raga ni mchezo wa ridhaa na haulipwi chochote. Mimi naona haki ilikuwa upande wa wachimba makaa.

Waliojitenga walikiita chama chao Northern Rugby Football Union. Ndiyo, Union, neno lilelile lililobebwa na waliowakimbia. Mwaka 1906 walipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, wakaweka na utaratibu wa aliyekabwa kusimama tena, kuuweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu ili mwenzake auchukue. Mchezo mpya ulikuwa umekamilika, nao bado ukisimamiwa na Union. Jina la Rugby Football League lilikuja mwaka 1922. Kwa hiyo maneno hayo mawili, Union na League, yalikuwa majina ya vyama. Hayasemi lolote juu ya mpira unavyochezwa wala mashindano yanavyopangwa.

Kiswahili kimekwisha kuonyesha kwamba kinaijua tofauti hiyo. Umoja ule wa dola za Kiarabu wenye makao Cairo, ambao Kiingereza huuita League, kwa Kiswahili huitwa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, si ligi. Waandishi wa Kenya nao wakitaja chombo kinachosimamia raga nchini mwao huandika Shirikisho la Raga, ingawa katika jina lake la Kiingereza mna Union. Maana imetangulizwa mbele ya umbo la neno.

Wafaransa walifika kwenye jawabu lao kwa njia ya uchungu. Mchezo huu ulianzishwa kwao mwaka 1934, na Jean Galia akiwa mstari wa mbele, ukaitwa raga ya kumi na watatu. Ulienea upesi kusini mwa nchi, hata chama cha raga ya 15 kikaingiwa na hofu. Kisha vikaja vita na serikali ya Vichy. Desemba 1941 Marshal Pétain, mkuu wa serikali hiyo, alitia saini amri iliyokivunja chama cha mchezo huo na kuchukua mali yake. Vita vilipokwisha wachezaji walirudi uwanjani, lakini walinyimwa neno raga lenyewe. Kwa miongo kadhaa iliwabidi wauite "mchezo wa kumi na watatu" tu. Watu walionyang'anywa jina waliishi na namba, nayo ikatosha.

Na ni Wafaransa hao waliolileta Kombe la Dunia. Paul Barrière, rais wa chama chao baada ya vita, ndiye aliyelisukuma wazo hilo mpaka likakubaliwa, na mashindano ya kwanza yakafanyika Ufaransa mwaka 1954 kwa timu nne: wenyeji, Uingereza, Australia na New Zealand. Fainali ilichezwa Parc des Princes jijini Paris mbele ya watazamaji wapatao 30,000. Uingereza ikawashinda wenyeji 16–12. Kombe la raga ya 15 lilianza mwaka 1987, miaka 33 baadaye.

Nasi tunayo namba tayari mdomoni. Tangu Kenya ianze kutamba duniani, na hasa baada ya kuichapa Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016, watangazaji wametuzoesha "raga ya wachezaji saba" na "raga ya wachezaji 15". Pengo katika mfululizo huo ni moja, nalo linajazwa na raga ya wachezaji 13. Msomaji hahitaji kufundishwa. Namba yenyewe humweleza mengi: wachezaji wawili wamepungua upande mmoja, wawili upande wa pili, na uwanja umefunguka. Timu yenye mpira inaruhusiwa kukabwa mara sita, kisha mpira huenda kwa wapinzani. Trai ina pointi 4, wakati katika raga ya 15 ina pointi 5.

Tukija kwa wanaoligombea Kombe hilo, neno "timu ya taifa" halina tatizo. Hata linafaa kuliko "timu ya nchi". Mwaka 1972 Uingereza ilitwaa kombe kama timu moja, chini ya Clive Sullivan wa Cardiff, mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza. Siku hizi England, Wales na Scotland huingia kila moja peke yake, ingawa hakuna hata moja iliyo dola. Samoa iliyoitoa England 27–26 katika nusu fainali ya mwaka 2022 ilikuwa na vijana wengi waliozaliwa Australia na New Zealand, wakaitwa na damu ya wazazi na babu zao. Taifa kwa Kiswahili linabeba hayo yote.

Haki itendeke kwa neno ligi: mara moja lilistahili kabisa. Mwaka 1975 mashindano yalichezwa kwa miezi mingi katika pande zote mbili za dunia, timu tano zikikutana nyumbani na ugenini bila fainali, na Australia ikatwaa ubingwa kwa pointi.

Pingamizi zito dhidi ya namba linatoka kwa wachezaji wa viti vya magurudumu. Katika mashindano ya mwaka 2022 Makombe ya wanaume, ya wanawake na ya viti vya magurudumu yalichezwa pamoja kwa mara ya kwanza, na England ikaifunga Ufaransa 28–24 katika fainali ya viti. Timu hizo zina wachezaji watano. Tukisema "raga ya wachezaji 13 ya viti vya magurudumu" tunasema uongo, na tukisema "raga ya viti vya magurudumu" tu tunaichanganya na ule mchezo wa Paralimpiki wenye wachezaji wanne na mpira wa duara, ambamo pasi ya mbele inaruhusiwa. Huu wa watano hutumia mpira wenye umbo la yai, pasi zake huenda nyuma, na kumkaba mtu ni kumnyofoa kitambaa kilichobandikwa begani. Basi tuhesabu tena waliomo uwanjani: raga ya viti vya magurudumu ya wachezaji watano, na ile ya wachezaji wanne. Ni majina marefu kwa kichwa cha habari, lakini msomaji atajua kwa hakika ni mchezo upi ulioandikwa.