Kinu cha Kinshasa

Msikilizaji, likitajwa neno nyuklia wengi wetu hufikiria bomu. Wiki hii nataka tuitazame Kongo, nchi iliyoonja pande zote mbili za jambo hili.

Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mradi wake wa bomu la atomiki, lililoiteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga. Mwaka 1953 Rais Dwight Eisenhower alitangaza mpango wa atomi kwa ajili ya amani, na nchi mbalimbali zikaanza kupata vinu vidogo vya utafiti. Padre Luc Gillon, mtaalamu wa fizikia aliyeongoza Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Leopoldville, Kinshasa ya leo, alihangaika mpaka akakipatia chuo chake kinu hicho. Kiliwashwa Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kilikuwa cha kwanza barani Afrika.

Nguvu yake ilikuwa kilowati 50, sawa na birika 25 hivi za umeme. Lakini hakikujengwa kuzalisha umeme. Kazi ya kinu cha aina hii ni kutoa nyutroni. Ukiingiza humo kipande cha jiwe, nyutroni hulifanya litoe miale, na kila madini huwa na miale yake. Mtaalamu akiipima anajua ndani mna nini na kwa kiasi gani.

Nyutroni hizo hizo hutengeneza dawa. Chukua iodini-131, inayotumika kupima na kutibu maradhi ya tezi ya shingoni. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Ukiiagiza Ulaya, ikachelewa njiani na forodhani wiki nzima, hospitali inapokea nusu tu ya ilicholipia. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kinu cha utafiti ni anasa kwa nchi maskini.

Mwaka 1972 Kinshasa iliwasha kinu cha pili, chenye megawati 1, yaani mara 20 ya kile cha kwanza. Kisha hali ikaharibika. Fedha zikaadimika, vipuri vikakosekana, ulinzi ukalegea. Mwaka 1998 polisi wa Italia walikamata mikononi mwa wahalifu fimbo ya mafuta ya nyuklia iliyoibwa Kinshasa. Mwaka 2004 kinu kikazimwa.

Kwa maoni yangu, Wakongo hawakushindwa na elimu. Walikuwa na wataalamu wao waliokiendesha kinu miaka mingi. Kilichowaangusha ni bajeti isiyokumbuka matengenezo. Basi siku kiongozi anapokata utepe mbele ya mtambo mpya, wa nyuklia au wa eksirei, tumpigie makofi, halafu tumwulize: fedha za vipuri vya mwaka wa kumi ziko wapi?