Mfugaji Ndiye Aliyeiona Kwanza

Mwaka 1930, katika shamba moja la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, wana-kondoo walikuwa wakizaliwa leo, kesho wamekufa. Kwa wiki nne tu walikufa takriban 3,500, pamoja na majike 1,200 hivi. Daubney na Hudson, madaktari wa mifugo kutoka maabara ya Kabete, wakishirikiana na tabibu Garnham, walipasua mizoga wakakuta maini yameharibika. Kondoo walipopandishwa nyanda za juu, mbali na mbu, vifo vikakoma. Wachungaji nao walikuwa wameugua homa. Mwaka 1931 ugonjwa ukatangazwa: Homa ya Bonde la Ufa.

Lakini kirusi kinachousababisha hujificha wapi miaka inapopita bila ugonjwa? Jibu lilipatikana Kenya, na likachapishwa mwaka 1985. Watafiti walichota viluwiluwi vya mbu kwenye madimbwi ya mvua, wakawalea mpaka wakaota mabawa. Ndani yao walikuta kirusi, hata kwa madume, ambao hawanyonyi damu kamwe. Basi walikipata kwa mama zao, kupitia mayai. Mayai hayo hulala kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakisubiri mafuriko.

Mafuriko yenyewe yalikuja na El Nino ya 1997. Garissa ikageuka ziwa, na inakadiriwa watu 89,000 waliambukizwa kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Baada ya hapo wanasayansi wakawa wakitazama kwa setelaiti joto la bahari na ukijani wa nyika, ili watabiri mlipuko kabla haujatokea. Mwaka 2006 walifaulu: tahadhari ilitolewa wiki kadhaa kabla wagonjwa wa kwanza kugundulika Garissa mwezi Desemba. Hata hivyo watu zaidi ya 150 walikufa Kenya. Ugonjwa ukavuka hadi Tanzania, ukaipiga Dodoma kuliko kwingine. Nchini humo wakaugua watu 264, na 109 kati yao wakafa.

Tahadhari ilikuwepo, chanjo haikuwahi. Na hapa ndipo roho inaponiuma. Wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki wana jina lao la ugonjwa huu, sandik, yaani pua inayotoka damu. Waliyaona makundi ya mbu baada ya mvua, wakaona mifugo ikitupa mimba, wiki kadhaa kabla huduma za mifugo hazijafika. Setelaiti ni jicho zuri, ila haioni mbuzi mmoja anayevuja damu puani. Mchungaji anamwona, na neno lake lilipaswa kuhesabiwa kama ripoti.

Wewe unayefuga, mvua kubwa ikinyesha na kondoo au mbuzi wengi wakatupa mimba kwa mpigo, usichinje, usichune, usiguse kitoto kilichotupwa kwa mikono mitupu. Mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo.